Ureno kwa Jicho la Msomi wa Kiswahili: Maeneo Yasiyofaa Kumpita Msafiri

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena, tembea uone. Hata hivyo, kuona hutegemea jicho alilonalo msafiri. Ureno, nchi ya pwani iliyoko kusini magharibi mwa bara la Ulaya, hupokea mamilioni ya watalii kila mwaka. Wengi huvutwa na jua lake, fuo za mchanga, dagaa wa kuchoma na majumba ya kale. Msafiri atokaye Mombasa, Malindi, Lamu au Kilwa ana sababu nyingine ya kufika huko. Nchi hiyo aliisikia darasani tangu utotoni, na kila anapoketi mezani, anapofunga leso au anapotazama bendera ikipepea, hutamka maneno yaliyoabiri kutoka huko zaidi ya karne nne zilizopita.

Makala haya yananuia kubainisha maeneo ya Ureno yanayostahiki kuzuriwa, na kueleza namna msomi wa Kiswahili anavyoweza kuyasoma. Hoja inayoyaongoza ni kwamba jengo, sanamu na chombo cha makumbusho ni matini kama ilivyo riwaya au utendi. Yana msimulizi, yana hadhira iliyokusudiwa, na yana mambo ambayo msimulizi ameamua kuyanyamazia. Msafiri asiyetambua kimya hicho hurejea nyumbani na picha tu.

Ureno imepakana na Uhispania upande wa kaskazini na mashariki, na bahari ya Atlantiki upande wa magharibi na kusini. Aghalabu watu huidhania kuwa nchi ya Mediterania kutokana na hali yake ya hewa na vyakula vyake, ilhali haina hata shubiri moja ya ufuo wa bahari hiyo. Maumbile haya ndiyo yaliyoielekeza historia yake. Nchi ndogo iliyozungukwa na jirani mkubwa kwa upande wa bara haikuwa na njia nyingine ya kupanuka ila maji.

Belém: Lango la Bahari

Safari ya Ureno huanzia mji mkuu, Lisbon, uliojengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo. Magharibi mwa mji huo kuna mtaa wa Belém, na hapo ndipo mwanafunzi wa historia ya pwani yetu anapofaa kutua kwanza. Tarehe 8 Julai 1497, merikebu za Vasco da Gama ziling'oa nanga mahali hapo. Mwezi wa Aprili 1498 zilikuwa zimefika Mombasa, kisha Malindi, ambako alipata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Kwa muda mrefu ilidaiwa kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Omani. Wataalamu wengi wa siku hizi hawalikubali dai hilo, na baadhi yao huona kuwa huenda alikuwa Mgujarati.

Jengo kuu la Belém ni Mosteiro dos Jerónimos, makao ya watawa yaliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Gharama zake zilitokana kwa kiasi kikubwa na ushuru wa viungo na bidhaa nyingine zilizoletwa kupitia njia ya bahari iliyopita pwani yetu. Nguzo zake zimenakshiwa kwa mawe yaliyochongwa mithili ya kamba za merikebu, matumbawe na vyombo vya ubaharia. Mtindo huu wa ujenzi umepewa jina la mfalme huyo, Manuelino.

Ndani ya kanisa la makao hayo mna makaburi mawili yanayotazamana. La kwanza ni la Vasco da Gama. La pili ni la Luís de Camões, mtunzi wa utendi wa kitaifa wa Ureno, Os Lusíadas, uliochapishwa mwaka wa 1572. Kwa msomi wa fasihi, kaburi la pili huenda likawa na mvuto zaidi. Katika utendi huo, sehemu kubwa ya historia ya Ureno husimuliwa na Vasco da Gama akiwa Malindi, na msikilizaji wake ni mfalme wa Malindi. Kwa maneno mengine, utendi ambao Wareno huuhesabu kuwa kioo cha taifa lao umefanya pwani ya Kenya kuwa baraza la masimulizi. Mombasa, kwa upande wake, imechorwa humo kama mji wa hila. Inafaa kuuliza iwapo mfalme wa Malindi angeisimulia hadithi hiyo vivyo hivyo lau angepewa zamu ya kusema.

Karibu na hapo kuna Mnara wa Belém, uliojengwa katika muongo wa pili wa karne ya 16 ili kulinda mlango wa mto. Mnara huo na makao ya watawa viliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1983. Si mbali na mnara huo kuna Padrão dos Descobrimentos, mnara mwingine wenye umbo la merikebu, uliojengwa mwaka wa 1960 wakati wa utawala wa António de Oliveira Salazar. Jina lake maana yake ni "Mnara wa Ugunduzi". Msomi wa semantiki hatakosa kujiuliza: ni nani aliyemgundua nani? Kilwa ilikuwa ikifua sarafu zake yenyewe karne kadhaa kabla ya merikebu hizo kufika.

Dhahabu ya Kilwa na Barua za Malindi

Kuna maeneo mawili mjini Lisbon ambayo watalii wengi huyapita, ilhali kwa msafiri Mswahili ndiyo kiini cha ziara.

La kwanza ni Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho ya sanaa za kale lililofunguliwa mwaka wa 1884. Miongoni mwa hazina zake ni Custódia de Belém, chombo cha dhahabu cha kuonyeshea ekaristi wakati wa ibada, kilichokamilika mwaka wa 1506. Kazi hiyo hunasibishwa na sonara Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamechongwa wakiwa wamepiga magoti, kila mmoja mdogo kuliko kidole, na juu yao kuna kuba la nakshi nyembamba kama uzi. Ni kazi adhimu isiyohitaji kutetewa na yeyote.

Maandishi yaliyo kwenye kitako cha chombo hicho yanataja bayana kwamba kilitengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Mwaka wa 1502, Vasco da Gama alifika Kilwa katika safari yake ya pili akiwa na msafara wa merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kukubali kumlipa mfalme wa Ureno mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo ilitoka uwanda wa juu wa Zimbabwe, ikapitia Sofala, ikafika Kilwa kwa biashara. Kutoka Kilwa hadi Lisbon haikwenda kwa biashara. Mwaka wa 1505, mwaka mmoja kabla ya sonara kukamilisha kazi yake, Francisco de Almeida aliivamia Kilwa na kuipora, kisha akaiteketeza Mombasa.

Hapa ndipo msafiri anapokabiliwa na swali zito. Je, anaweza kuustaajabia uzuri wa chombo hicho bila kuisaliti Kilwa? Pengine jibu ni kwamba anaweza, mradi asikubali kuvitenganisha viwili hivyo. Magofu ya Kilwa Kisiwani yana kuta zisizo na dhahabu, na Lisbon ina dhahabu isiyo na kuta zake. Anayeviona vyote viwili ndiye anayeisoma hadithi kikamilifu.

Mahali pa pili ni Torre do Tombo, hifadhi ya taifa ya nyaraka. Jina hilo lilitokana na mnara wa ngome ya São Jorge, zilikohifadhiwa nyaraka tangu karne ya 14 hadi mnara huo ulipoporomoka katika zilzala ya 1755. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka wa 1990 katika eneo la chuo kikuu. Humo mna barua za Kiarabu za karne ya 16, zikiwemo zilizotoka kwa watawala wa pwani yetu. Mwaka wa 1790, mtawa João de Sousa alichapisha mkusanyiko wa nyaraka za Kiarabu kutoka hifadhi hiyo. Ikumbukwe pia kwamba miongoni mwa hati kongwe zaidi za Kiswahili zinazojulikana ni barua za Kilwa za miaka ya 1711 na baadaye, zilizohifadhiwa Goa, uliokuwa mji mkuu wa Wareno katika Bara Hindi. Mtafiti wa historia ya Kiswahili hawezi kuikwepa njia ya Ureno, hata akitaka.

Lisbon ya Kale

Baada ya kumaliza mambo ya bahari, msafiri aingie ndani ya mji. Tarehe 1 Novemba 1755, zilzala kali, moto na mawimbi ya tsunami viliiharibu Lisbon kwa kiasi kikubwa. Waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal aliujenga upya mtaa wa Baixa kwa njia zilizonyooka na majengo yaliyobuniwa kustahimili mitetemo. Mtaa wa Alfama ulinusurika kwa sehemu kubwa. Vichochoro vyake vyembamba, ngazi zake na nguo zilizoanikwa madirishani humkumbusha mtu Mji wa Kale wa Mombasa. Jina Alfama lenyewe ni la Kiarabu na huhusishwa na chemchemi za maji moto. Tramu namba 28 hupanda vilima hivyo, nayo hujaa watalii kupindukia. Anayependa utulivu aipande asubuhi na mapema au atembee kwa miguu.

Isitoshe, jina la taasisi moja ya Lisbon linamhusu Mkenya moja kwa moja. Wakfu wa Calouste Gulbenkian, ulioanzishwa mwaka wa 1956, ndio uliofadhili ukarabati wa Fort Jesus baada ya ngome hiyo kuacha kutumiwa kama jela mwaka wa 1958, hata ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho mwaka wa 1960. Makao makuu ya wakfu huo yana bustani tulivu inayofaa kwa mapumziko ya adhuhuri.

Sintra, Évora, Coimbra na Porto

Kutoka Lisbon, gari la moshi humfikisha msafiri Sintra kwa muda wa takriban dakika 40. Huko kuna Kasri la Pena lenye rangi nyekundu na manjano juu ya kilele cha mlima, na karibu nalo magofu ya ngome ya Waislamu. Évora, katika jimbo la Alentejo, ina hekalu la Kirumi na kanisa dogo ambalo kuta zake zimefunikwa kwa mifupa ya binadamu, ili aingiaye akumbuke kwamba kila nafsi itaonja mauti. Njiani huonekana mashamba ya mialoni ambayo magome yake hubambuliwa kila baada ya miaka tisa ili kutengenezea vizibo vya chupa.

Coimbra itawafurahisha wanafunzi na wahadhiri. Chuo Kikuu chake kilianzishwa mwaka wa 1290, nacho kimekuwa mjini humo moja kwa moja tangu 1537. Wanafunzi wake bado huonekana wakivaa majoho meusi. Maktaba ya Joanina, iliyojengwa katika karne ya 18, ina wahifadhi wa aina yake: popo wanaoishi humo hutoka usiku kula wadudu ambao wangeviharibu vitabu. Jioni watumishi hufunika meza kwa ngozi, na asubuhi hufagia kinyesi cha popo.

Kaskazini zaidi kuna Porto, mji wa pili kwa ukubwa, kwenye kingo za mto Douro. Daraja la chuma la Dom Luís wa Kwanza, lililofunguliwa mwaka wa 1886, huuunganisha mji huo na Vila Nova de Gaia, kunakohifadhiwa mvinyo mashuhuri uliopewa jina la mji. Kituo cha reli cha São Bento kimepambwa kwa maelfu ya vigae vya rangi ya samawati vinavyosimulia vita na harusi za wafalme.

Algarve: Magharibi ya Waarabu

Kusini kabisa mwa nchi kuna Algarve, jimbo la fuo na majabali ya rangi ya dhahabu, linalopendwa na watalii wa Ulaya kaskazini kwa jua lake. Mswahili hahitaji kamusi ili kulielewa jina hilo. Linatokana na Kiarabu al-Gharb, yaani upande wa machweo, nalo ni ndugu wa neno magharibi. Waislamu waliingia katika rasi ya Iberia mwaka wa 711. Lisbon ilitekwa na Wakristo mwaka wa 1147, na Faro, mji mkuu wa sasa wa Algarve, mwaka wa 1249. Mjini Silves ingalipo ngome ya mawe mekundu ya enzi hiyo. Huko Mértola, katika Alentejo, kanisa kuu la mji lilikuwa msikiti, na kibla chake hakijafutika.

Mwanaisimu atafaidi zaidi akitega sikio. Mreno hutamka açúcar kwa sukari, na husema oxalá anapotumaini jambo, neno lenye asili moja na inshallah. Wareno walipofika Malindi mwaka wa 1498, basi, pande zote mbili zilikuwa tayari zimenywa kutoka kisima kimoja cha Kiarabu, japo hazikutambuana. Maneno mengine yalihamia kwetu baadaye: meza, bendera, mvinyo, kasha, foronya, na hata majina ya karata: kopa, shupaza, uru na pau. Neno gereza limetokana na igreja, lenye maana ya kanisa. Safari ya maana yake, kutoka nyumba ya ibada hadi ngome na hatimaye jela, ni muhtasari wa namna wenyeji walivyoyaona majengo ya wageni hao.

Kwa upande mwingine, katika mji mdogo wa Guia msafiri ataagiza kuku wa kuchoma aliyepakwa piri-piri. Neno hilo ni jamaa wa pilipili yetu, nalo lilifika Ureno kutoka Afrika. Mmea wenyewe Wareno waliutoa bara la Amerika, wakauleta Afrika, kisha wakarejea kwao na jina la Kiafrika. Nao walikopa.

Lagos na Sagres

Magharibi mwa Algarve kuna mji wa Lagos, wenye majabali ya Ponta da Piedade, mojawapo ya mandhari za kuvutia mno nchini humo. Ni mji huo huo ambapo mnamo Agosti 1444 mateka 235 kutoka pwani ya Afrika Magharibi waliteremshwa na kugawanywa mbele ya Mwanamfalme Henrique. Mwandishi wa tarehe wa wakati huo, Gomes Eanes de Zurara, ameeleza jinsi wazazi walivyotenganishwa na watoto wao. Jengo liitwalo Mercado de Escravos, yaani soko la watumwa, limefanywa jumba la makumbusho. Mwaka wa 2009, mafundi waliokuwa wakichimba mahali pa kujenga maegesho ya magari walikumba mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 waliotupwa katika jaa la kale la mji.

Kutoka Lagos, barabara huelekea Sagres na Cabo de São Vicente, ncha ya kusini magharibi ya bara la Ulaya. Hapo nchi kavu hukoma kwa majabali marefu, na upepo huvuma bila kikomo. Wengi hukaa kutazama jua likizama. Aliyetoka Lagos siku hiyo huitazama bahari ile kwa moyo mzito zaidi.

Mambo ya Kuzingatia

Raia wa Kenya huhitaji viza ya Schengen, na maombi yafaa kuwasilishwa mapema. Sarafu ni yuro. Miezi ya Aprili hadi Juni na Septemba hadi Oktoba ni mizuri kuliko Julai na Agosti, ambapo joto na umati huzidi. Magari ya moshi kati ya Lisbon, Coimbra na Porto ni ya kutegemewa, ingawa vijiji vya Alentejo huhitaji basi au gari la kukodi. Majengo ya kale hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati, kwa hivyo msafiri athibitishe kabla ya kwenda. Anayekusudia kusoma nyaraka Torre do Tombo ajiandae kwa kitambulisho na mada mahususi, kwani hifadhi si mahali pa kupapasa gizani.

Hitimisho

Mjadala kuhusu yaliyopita haujakoma nchini Ureno kwenyewe. Mwaka wa 2018, pendekezo la kujenga jumba la makumbusho la "Ugunduzi" mjini Lisbon lilipingwa na wasomi wengi kutokana na jina hilo. Mnamo Aprili 2024, Rais Marcelo Rebelo de Sousa alisema kuwa nchi yake iwajibikie madhila ya utumwa na ukoloni. Siku chache baadaye serikali ikatangaza kwamba haikuwa na mpango wowote wa fidia. Wareno wenyewe, basi, wangali wanabishana jinsi ya kuisoma matini yao.

Katika mjadala huo Waswahili hawafai kuwa watazamaji. Dhahabu ya Kilwa, barua za Malindi na utendi uliofanya Malindi kuwa baraza lake vimo Lisbon, vinasomwa na kufasiriwa kila siku, aghalabu na watu wasiojua Kiswahili. Chuo kinachofundisha historia na fasihi ya Kiswahili kingefanya vyema kuwahimiza wanafunzi wake wajifunze Kireno na Kiarabu, ili siku moja wazisome hati hizo bila mkalimani. Hapo ndipo mfalme wa Malindi, aliyesikiliza kwa karne nne na ushei, atakapopata zamu yake ya kusimulia.